Kucheza barabarani kudai haki: Wachile walifanyaje hadi wakasikika?

Bandari_Kuu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwa muda mrefu nimefuatilia namna watu wa kawaida, wasio na chama wala fedha, wanavyotumia ngoma ya ghafla mahali pa wazi kusukuma madai yao. Nchi ni nyingi, lakini kila mara narudi Chile, na leo naiweka hoja yangu mezani muipime. Nasema hivi: kucheza hadharani kunapata nguvu pale mwendo wenyewe wa mwili unapotoka ndani ya dai. Ukichukua mtindo wowote unaovuma ukausimamisha mbele ya bango, watu watatazama, watarekodi, watakwenda zao.

Tuanzie 1978. Jeshi lilikuwa limempindua Rais Salvador Allende tarehe 11 Septemba 1973, na chini ya utawala wa Jenerali Augusto Pinochet watu zaidi ya 3,000 waliuawa au walipotezwa. Kupotezwa ni kuchukuliwa nyumbani, kisha hakuna kesi, hakuna mwili, hakuna kaburi. Wake, mama na dada wa waliochukuliwa wakaunda chama chao cha kuwatafuta.

Chile kuna ngoma ya asili iitwayo cueca. Huchezwa na wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na leso mkononi, wakizungukana na kuvutana. Tarehe 8 Machi 1978, Siku ya Wanawake, kwenye ukumbi wa Caupolicán jijini Santiago, wanawake hao waliicheza kila mmoja peke yake. Leso mkononi, picha ya aliyepotea kifuani, na mbele yao pengo pale alipopaswa kusimama mwenza. Hatua zilikuwa zile zile za siku zote. Hotuba haikuhitajika, kwa sababu cueca kila Mchile anaijua tangu utoto, na kila aliyekuwepo aliona nani hayupo. Wengine kati yao mpaka siku hiyo hawakujua wajiite wake au wajane.

Mwaka uliofuata Pinochet akatangaza cueca kuwa ngoma rasmi ya taifa. Yaani dola ikaipa heshima ngoma ambayo wanawake walikwisha kuigeuza ushahidi dhidi yake! Na 1988, kwenye kura ya maoni ya kuamua kama aendelee kutawala, kampeni ya HAPANA ikawaonyesha wanawake hao kwenye televisheni wakicheza. Tarehe 5 Oktoba akashindwa. Sidai kwamba ngoma ndiyo iliyomwondoa, kulikuwa na vyama, makanisa, wafanyakazi na miaka ya maandamano. Lakini watu wamesahau hotuba nyingi za wakati ule, ile cueca hawajaisahau.

Nawakaribisha.

MtotoWaKariakoo

Mkuu, uzi mzito na nimeusoma wote. Nina maswali mawili.

La kwanza, hiyo ya 1978 ilikuwa ukumbini, jukwaani, imeandaliwa. Unaiitaje ya ghafla?

La pili, Wachile hao hao mwaka 2011 walicheza "Thriller" ya Michael Jackson mbele ya ikulu yao. Hiyo ni ngoma ya Mmarekani, ilikuwa inavuma duniani kabla hao wanafunzi hawajazaliwa, na iliwafikisha kwenye habari za dunia nzima. Kwa kipimo chako ilipaswa kushindwa.

Bandari_Kuu (mleta uzi)

Swali la kwanza nalipokea. Ilianzia ukumbini, barabarani ilifika baadaye. Ila tuelewane kuhusu ghafla. Karibu zote tunazozijadili zina mazoezi nyuma yake. Ghafla ni upande wa mpita njia: ametoka kununua mkate, mara watu waliokuwa wamesimama kama yeye wanaanza kwenda kwa mwendo mmoja. Anayecheza anajua, anayetazama hajui. Na katika dakika hizo chache za kutojua, anasikiliza.

Kuhusu 2011. Wanafunzi walikuwa wanapinga mfumo wa elimu uliowaacha familia zao na mikopo ya miaka mingi. Tarehe 24 Juni walikusanyika kwa maelfu mbele ya La Moneda, ndiyo hiyo ikulu, wamejipaka nyuso na kuvaa matambara kama maiti waliofufuka. Elimu imekufa, na sisi tunatembea na deni kaburini: huo ndio ujumbe. Sasa niambie, ni mwendo gani mwingine duniani unaojulikana kuwa mwendo wa maiti anayetembea? Hawakuuchagua kwa kuwa unavuma. Waliuchagua kwa kuwa unasema walichotaka kusema, na ulikuwa tayari miguuni mwa kila kijana.

Na waliweka kando yake kitu kingine ambacho vyombo vya habari vya mbali havikukizungumza sana. Walikimbia kwa zamu kuzunguka ikulu, mchana na usiku, tangu Juni hadi Agosti, kwa saa 1,800. Kwa nini 1,800? Kwa sababu walikadiria kwamba dola bilioni 1.8, yaani milioni 1,800, kwa mwaka zingetosha kusomesha wanafunzi 300,000 bure. Aliyeuliza "mbona mnakimbia?" alipewa hesabu. Hapo mwili umebeba dai na takwimu yake.

MtotoWaKariakoo

Hapo kwenye saa 1,800 umenishika. Sikuwa najua hiyo. Na matokeo?

Bandari_Kuu (mleta uzi)

Yalikuja polepole. Elimu ya juu bila ada ilianza 2016 kwa wanafunzi wanaotoka nusu ya chini ya kaya kwa kipato, kisha ikapanuliwa. Viongozi kadhaa wa wanafunzi wa wakati ule waliingia bungeni baada ya uchaguzi wa 2013, na Gabriel Boric akawa rais Machi 2022. Tusiruke hiyo miaka mitano ya katikati: ilikuwa migomo, madarasa kukaliwa, vikao, kura. Ngoma ilifungua masikio, waliobaki kwenye vikao ndio waliodai mpaka sheria ikapita.

NairobiMashariki

Wadau, mimi naandika kutoka Nairobi na nilikuwa mjini Juni 2024 wakati wa kupinga Mswada wa Fedha. Nataka kupinga hoja ya mleta uzi, kwa heshima.

"Anguka Nayo" ya Wadagliz haikutungwa kwa ajili ya mswada wala kodi. Ni wimbo wa kujiburudisha, mtu anaangusha mwili chini kwa mdundo. Lakini mjini ulikuwa wimbo wetu. Vitoza machozi vinarushwa, watu wanatawanyika kwenye vichochoro, dakika chache baadaye spika inawashwa mahali na umati unarudi ukicheza. Hakuna aliyeutangaza kuwa wimbo wa maandamano. Ngoma ile ilifanya kazi moja kubwa: ilitutoa woga. Mtu usiyemjua kabila wala mtaa anaanguka nayo kando yako, na unajua hauko peke yako.

Hiyo ndiyo ghafla ya kweli. Haina mazoezi, haina mtunzi wa hatua, haina kamati. Rais alikataa kutia saini mswada tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa. Na kabla hamjasema ni ngoma, tulizika watu. Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai.

Bandari_Kuu (mleta uzi)

Poleni sana kwa wale mliowapoteza. Na nashukuru umeandika, kwa sababu umenionyesha kazi ya aina mbili. Kuna ngoma inayowasemesha wanaotazama, na kuna ngoma inayowashika pamoja wanaocheza. Mimi nilikuwa naizungumzia ya kwanza. Ya kwenu ilikuwa ya pili, na kwa kazi hiyo nakubali kwamba wimbo wowote ulio midomoni mwa watu unatosha, tena ule wa furaha unafaa zaidi.

Lakini nikuulize: mtu aliyekuwa nyumbani Garissa au Voi akiona video ya watu wakicheza Anguka Nayo, alijua kifungu gani cha mswada kinapingwa?

NairobiMashariki

Kwa ngoma peke yake, hapana. Alijua kwa sababu vijana walikuwa wameuchambua mswada mtandaoni, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakaeleza kodi ya mkate na ya magari. Kazi hiyo ilitangulia. Hapo tuko pamoja.

Niongeze jambo moja ambalo bado linaniuma. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, kulikuwa na tamasha la kuwakumbuka mashujaa pale Uhuru Park. Wengine walisema ni kosa kucheza wakati familia bado zinatafuta miili mochari. Wengine wakasema kwetu maiti huimbiwa na kuchezewa, na kukaa kimya ndiko kungekuwa usaliti. Mimi nilikwenda, nililia na nilicheza. Naheshimu waliokataa kwenda.

Ngoma_za_Zamani

Wanangu, mnazungumza kana kwamba mambo haya yalianza na simu za kamera. Niwarudishe nyuma.

Mwaka 1929 wamisionari katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini waapishwe kuacha ukeketaji. Vijana wakatoka na ngoma iitwayo Muthirigu. Ilisambaa toka kilima hadi kilima, beti zikiongezwa kila ilikofika, zikiwataja wamisionari, machifu na maofisa. Serikali ya kikoloni iliogopa kiasi cha kuipiga marufuku mwaka 1930. Wimbo na hatua za miguu vikawa kosa la jinai.

Sasa angalieni ugumu wake. Ndani ya Muthirigu kulikuwa na hasira ya haki: ardhi iliyoporwa, shule zilizofungiwa watoto, watu kuamuliwa mambo yao na wageni. Lakini bango lililobebwa mbele lilikuwa kutetea kukatwa kwa wasichana, na wasichana wenyewe hawakuulizwa. Naandika hivi kwa sababu naona vijana wanaamini kwamba kinachochezwa na umma lazima kiwe cha haki. Sivyo. Ngoma hubeba inachopakiwa. Kabla ya kuuliza hatua gani tucheze, ulizeni anayeumia na jambo hili yuko wapi katika duara.

Halafu kuna toyi-toyi. Ilitoka kambi za mafunzo za wapiganaji wa ukombozi wa Zimbabwe, na miaka ya 1980 ikashika vitongoji vya Waafrika huko Afrika Kusini. Magoti yanapanda hadi kifuani, umati unapiga chini kwa pamoja, huku mmoja anaita na wengine wanaitikia. Hii inaikubali hoja ya mleta uzi: ni mwendo wa askari anayejiandaa, na polisi wa makaburu walielewa wanachoambiwa hata bila kujua lugha. Mpaka leo wafanyakazi wakigoma kule utaiona.

Bandari_Kuu (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako la nani yuko katika duara linanipeleka moja kwa moja kwa LASTESIS, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo mfano ulionifanya nianzishe uzi.

LASTESIS ni kikundi cha wanawake wanne wa Valparaíso. Oktoba 2019 Chile ililipuka baada ya nauli ya treni za Santiago kupandishwa kwa peso 30. Jeshi likatoka mitaani, amri ya kutotembea usiku ikatolewa, na malalamiko ya wanawake kudhalilishwa kingono na polisi vituoni yakaanza kumiminika. Tarehe 20 Novemba wanne hao na wenzao wakasimama barabarani Valparaíso wakacheza na kughani "Un violador en tu camino", yaani "Mbakaji njiani mwako". Tarehe 25 Novemba, siku ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, wakaifanya Santiago, na video ikaruka dunia nzima.

Tazameni jinsi ilivyotengenezwa. Macho yamefungwa kitambaa cheusi. Mdundo ni mmoja, wa kutembea. Hatua ni chache mno, kulia, kushoto, mkono unanyooshwa mbele kumtaja mkosaji. Katikati wanachuchumaa mikono nyuma ya kichwa. Huko kuchuchumaa hawakukubuni. Ndivyo wanawake waliokamatwa walivyolazimishwa kufanya vituoni, tena wakiwa uchi. Na ndani ya maneno wameingiza ubeti wa wimbo rasmi wa polisi wenyewe, ule unaomwambia msichana alale kwa amani kwa kuwa askari anamlinda. Wameuimba kama ulivyo, baada ya kueleza yanayotendeka. Huhitaji shahada kuelewa.

Kisha wakafanya jambo ambalo vikundi vingi vya sanaa vingeogopa: wakaitoa. Fanyeni kwenu, badilisheni maneno yaendane na nchi yenu. Ndani ya majuma machache ilikuwa Mexico, Paris, Istanbul, Delhi. Mtu asiyejua kucheza kabisa anajifunza kwa dakika chache, na akikosea haionekani.

Mimi nilichokipenda kuliko vyote ni cha tarehe 4 Desemba. Wanawake watu wazima, wa miaka arobaini na kuendelea, walijaa kwa maelfu mbele ya Estadio Nacional, uwanja wa taifa jijini Santiago. Uwanja huo 1973 ulikuwa kambi ya kuwafungia na kuwatesa watu. Miongoni mwa waliosimama pale na vitambaa machoni walikuwemo waliouona utawala ule kwa macho yao. Hawakuwa wanaiga wajukuu. Walikuwa wanadai la kwao, la tangu 1973.

SheriaMtaani

Ndugu zangu, uzi mzuri, lakini kuna vijana humu watasoma na kesho watoke. Niseme ya sheria.

Kenya, ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Pamoja na hiyo, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi waarifiwe kati ya siku 3 na 14 kabla. Tanzania, ibara ya 20 inalinda uhuru wa kukutana, na sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla ya mkusanyiko. Kwa hiyo neno ghafla linakinzana na karatasi. Watu wanane wakicheza kona ya soko kwa dakika tatu, polisi anaweza asijishughulishe, au akawaita mkusanyiko usio halali. Inategemea siku na inategemea mnasema nini.

LASTESIS wenyewe hawakusalimika. Mwaka 2020 polisi wa Chile waliwafungulia malalamiko ya kuchochea vurugu, kesi ikafutwa baadaye. Istanbul Desemba 2019 polisi walivunja onyesho na kukamata wanawake, na wabunge wanawake wa upinzani wakaghani maneno yale yale ndani ya Bunge la Uturuki, huku wakigonga meza. Kinga ya ubunge ikabeba kilichokatazwa barabarani. Kwa hiyo kabla ya kucheza, jueni nani mwenye kinga yuko upande wenu: wakili, diwani, mchungaji, sheikh, mwalimu mkuu. Na simu yake muwe nayo.

ZiwaKivu

Salamu toka Bukavu.

Mnajua siku ya tarehe 14 Februari 2013, kampeni ya One Billion Rising ilipowaita wanawake wa dunia nzima wacheze kupinga ukatili? Mwanzilishi wake, Eve Ensler, alikuwa hapa kwetu siku ile. Ana uhusiano wa muda mrefu na mji huu, kwa sababu shirika lake lilisaidia kujenga Cité de la Joie iliyofunguliwa 2011 kwa ajili ya wanawake walionusurika kubakwa vitani.

Watu wa nje walibishana sana. Wengine waliandika kwamba ni matusi kumwambia mwanamke wa Kongo acheze wakati vita vinaendelea na waliombaka wanatembea huru. Ninaelewa hasira hiyo. Vita havikusimama kwa ngoma, na mwaka huu tunavyoandika bado hatuna amani. Hatua zilikuwa zimetungwa Marekani na wimbo vilevile, kwa hiyo kwa kipimo cha mleta uzi ilikuwa na upungufu.

Lakini niwape upande usioonekana kwenye video. Mwanamke aliyebakwa hapa, mara nyingi mume humkataa, jirani humnong'ona, na yeye mwenyewe hujificha. Mwili wake unakuwa mahali pa aibu. Kutoka barabarani mchana, kichwa juu, kati ya wenzake, na kuusogeza mwili huo apendavyo mbele ya watu wale wale wanaonong'ona: hilo si jambo dogo, hata kama hakuna waziri aliyetazama. Msiipime kila ngoma kwa sheria iliyobadilika.

Bandari_Kuu (mleta uzi)

Dada yangu, au kaka, nimekusoma mara mbili. Sina la kuongeza juu ya aya yako ya mwisho, ila asante.

MamaWaMbagala

Habari zenu jamani. Mimi si mwanaharakati, niko kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mtaani kwetu maji yanatoka usiku wa manane, siku nyingine hayatoki kabisa, na ankara inakuja. Tumepeleka barua, tumeandikiwa kwamba linashughulikiwa. Nimewasoma tangu juu nikawaza, je sisi tunaweza? Wengi wetu tuna miaka hamsini kwenda mbele. Tucheze nini sasa, singeli?

Bandari_Kuu (mleta uzi)

Mama, mnaweza kuliko wengi wetu humu. Singeli itawachosha magoti na watazamaji wataona singeli tu.

Angalieni mnachokifanya kila usiku. Mnapanga ndoo kwenye foleni. Mnasogea hatua moja. Mnainama, mnakunja kanga kuwa ngata, mnajitwika. Halafu mnasogea tena. Hiyo foleni ndiyo ngoma yenu. Iwekeeni mdundo kwa kupiga ndoo tupu, kwa sababu ndoo iliyojaa hailii. Wimbo utungwe na yule mwenzenu mwenye sauti kwenye sherehe, beti fupi, na ndani yake yasomwe maneno ya ile barua mliyojibiwa, kama yalivyo. Wachile waliuimba wimbo wa polisi, ninyi mtaiimba barua ya ofisi.

Mahali: si uwanjani. Mahali watu wanasimama kungoja, kwa mfano kituo cha daladala saa za jioni.

NairobiMashariki

Mama, naongezea ya kiufundi. Video moja, mpigaji asimame mbele katikati, asitembeetembee, sauti isikike. Maneno yaandikwe chini ya picha. Msionyeshe watoto nyuso. Na mkimaliza msibaki kujibizana na mtu, ondokeni kwa utaratibu na ndoo zenu. Wawili wabaki wagawe nakala za barua kwa waliotazama.

SheriaMtaani

Na mimi nasisitiza, Mama, pelekeni taarifa polisi, saa 48 kabla, kwa maandishi, nakala igongwe muhuri. Andikeni mahali, saa ya kuanza na lengo. Mkikataliwa, barua ya kukataliwa nayo ni ya kuimba.

MamaWaMbagala

Asanteni sana wanangu. Nimemsomea katibu wetu, ameshaanza kutunga. Kuna jambo moja. Mtu mmoja anayetaka kugombea amesikia, anataka kutununulia sare na spika. Tukubali?

Ngoma_za_Zamani

Binti yangu, msikubali. Vaeni kanga mlizonazo. Akiwa na nia njema aje asimame kwenye foleni na ndoo yake, wa mwisho, kama kila anayefika nyuma yenu.

ZiwaKivu

Naunga mkono. Na mkishacheza, urudi hapa utuambie maji yamefikaje.